Douglas Weusi, Douglas Wekundu na watoto wa nje ya ndoa

Huku Lanarkshire, kusini-mashariki mwa Glasgow, jina Douglas limejaa kama Mohamed lilivyojaa Mombasa. Yupo Douglas fundi wa mabomba, yupo Douglas muuza nyama, na yupo mzee Douglas ambaye mimi humsaidia kuoga na kumeza dawa asubuhi, maana kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mzee hana shamba wala gari, lakini mpe nusu saa tu atakuhakikishia kwamba yeye ni damu ya Sir James Douglas, yule aliyebeba moyo wa mfalme. Ukiwasikiliza, wote wenye jina hili ni damu ya Sir James. Hakuna aliyetokana na mchunga ng'ombe wake.

Simbishii, mtu mzima habishiwi. Ila mimi nimelelewa Mji wa Kale na bibi aliyejua nasaba ya mtaa mzima kwa moyo, na kwetu ukishamtaja baba wa mtu, swali linalofuata ni: kwa mama yupi? Nikaanza kuusoma ukoo huu kwa swali hilo hilo, na hapo ndipo ulipoanza kunoga.

Kwanza huyo James. Baba yake alifia mikononi mwa Waingereza, kifungoni katika Mnara wa London, mwishoni mwa karne ya 13. Kijana akakua hana ardhi, akajiunga na Robert Bruce, aliyetawazwa mfalme wa Scotland, wakapigana vita vya miaka mingi mpaka Scotland ikasimama. Bruce alipofariki mwaka 1329 aliusia moyo wake utolewe, upelekwe vitani dhidi ya maadui wa Ukristo. James akauchukua, na mwaka 1330 akauawa huko Teba, Andalusia, akipigana na jeshi la Waislamu wa Granada. Mzee akifika hapo hupunguza sauti na kuutupia jicho mtandio wangu. Namwambia aendelee, mimi sikuwepo.

Moyo wa Bruce ukarudishwa na kuzikwa Melrose. Mifupa ya James ililetwa kijijini Douglas, kwenye kanisa la St Bride, na tangu hapo moyo mwekundu umechorwa kwenye ngao ya ukoo. Waingereza, waliokuwa na kila sababu ya kumwogopa, walimwita Douglas Mweusi, na weusi huo ukabaki kuwa jina la tawi lake.

Sasa uzao. James aliacha wana wawili. William aliuawa Halidon Hill mwaka 1333, siku ile ile alipouawa baba yake mdogo Archibald, aliyekuwa akiushika ufalme kwa niaba ya mfalme mtoto, David II. Mwana wa pili, naye jina lake Archibald, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa, na sheria ya Scotland haikumpa mtoto wa nje hata shubiri ya ardhi ya baba. Basi mali ikamwangukia Hugh, ndugu yake James kwa baba, mtu wa kanisa kule Glasgow, asiye na mtoto. Hugh huyu historia imembandika jina ambalo kwetu ningelisema hivi: Hugh Zuzu.

Lakini zuzu aliacha karatasi. Mwaka 1342 aliirudisha ardhi yote kwa mfalme David II, na mfalme akaitoa upya kwa hati yenye foleni. Wa kwanza ni William, mwana wa yule Archibald aliyeuawa vitani. Akikosa uzao wa kiume, iende kwa jamaa yao William wa Liddesdale. Naye akikosa, iende kwa Archibald, mwana wa Sir James. Mtoto wa nje akawa ameandikwa wa tatu, kwa wino wa mfalme, pengine bila mtu yeyote kufikiri kwamba zamu yake ingefika.

Ikafika. William wa kwanza alimuua William wa pili katika msitu wa Ettrick mwaka 1353, ingawa marehemu alikuwa baba yake wa ubatizo. Mwaka 1358 muuaji akapewa cheo cha Earl wa Douglas, ukabaila wa juu kabisa chini ya jamaa za mfalme. Akafa mwaka 1384. Mwanawe James, Earl wa pili, aliuawa Otterburn mwaka 1388 bila kuacha mtoto wa ndoa. Dada yake Isabella alikuwa hai, wa baba huyo huyo na mama wa ndoa, na mumewe Malcolm Drummond akajitokeza kudai mali kwa haki ya mke wake. Ndipo Archibald akaitoa ile hati. Mwaka 1389 bunge likampa yeye uearl, naye Isabella akabaki na Mar, ardhi ya upande wa mama.

Tusijidanganye kwamba karatasi ilitosha. Archibald alikwisha kuwa bwana wa Galloway, akajijengea ngome ya Threave katikati ya mto, na alikuwa amemwoa Joanna, mrithi wa ngome ya Bothwell. Ngome hiyo siko mbali nayo; mawe yake mekundu yako juu ya mto Clyde, na siku za mapumziko huwa nakwenda kutembea pale. Mtu mwenye kuta nene kiasi kile akija na hati mkononi, bunge husoma vizuri.

Mwaka huo huo wa 1389 likaota tawi la pili. Yule William, Earl wa kwanza, alikuwa amezaa nje na Margaret Stewart, aliyekuwa mrithi wa uearl wa Angus kwa haki yake mwenyewe. Na Margaret ni nani? Mjane wa shemeji wa William, yaani mke wa marehemu kaka wa mkewe. Kwa Kanisa la enzi zile hiyo ilikuwa zinaa ya maharimu. Bibi yangu angesikia hapo angejifunika uso kwa leso, kisha angeniambia nisimulie tena. Mama huyo alifanya lile ambalo baba hakulifanya: akamkabidhi mwanawe George cheo chake cha Angus, na mwaka 1397 George akamwoa Mary, binti wa mfalme Robert III. Hao ndio Douglas Wekundu.

Kwa hiyo matawi yote mawili yanayojazwa sifa kwenye mabango ya watalii yalianza na watoto ambao sheria iliwahesabu si wa mtu. Mmoja aliingizwa na karatasi ya ardhi, mwingine na mama yake.

Weusi walipanda juu kupita kiasi. Novemba 1440, Earl wa sita, kijana wa miaka kama 16, na mdogo wake David waliitwa kwenye ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme James II aliyekuwa na miaka 10, wakakatwa vichwa. Aliyerithi ni ndugu wa babu yao, James Mnene, na wanahistoria wengi humtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu hiyo. Kaburi lake liko St Bride. Amelala pale pamoja na mkewe Beatrice Sinclair, na ubavuni mwa jiwe wamechongwa watoto wao 10, wamepangwa kwa mstari, wadogo wadogo. Mkubwa wao, William, alichomwa kisu na mfalme James II mwenyewe katika ngome ya Stirling tarehe 22 Februari 1452, huku ana barua ya kuhakikishiwa usalama. Mdogo wake James akakishika cheo, akamwoa na mjane wa kaka yake, Margaret wa Galloway, dada wa wale vijana waliochinjwa Edinburgh. Watu wa huku husimulia habari za kurithi wajane kana kwamba ni mambo ya Afrika pekee. Mwaka 1455 jeshi la ndugu zake James likavunjwa Arkinholm: Archibald akauawa vitani, Hugh akakamatwa na kuuawa, John akakimbia. Douglas Wekundu walisimama upande wa mfalme, na ardhi ya Douglas yenyewe wakapewa wao.

Miongoni mwa hao Wekundu alitoka Archibald, Earl wa tano wa Angus, aliyeitwa Mfunga Paka Kengele. Inasimuliwa kwamba mwaka 1482 makabaila walipokuwa wakinong'ona Lauder nani atawaondoa vipenzi wa mfalme James III, yeye ndiye aliyesema atamfunga paka kengele. Vipenzi wale walinyongwa pale. Inasemekana moyo wake na wa Sir James imewekwa kanisani St Bride, ndani ya vikopo vya madini ya risasi.

Mali za Douglas baadaye zilihama tena kwa njia ya mwanamke. Katika karne ya 19 ziliingia kwa akina Home kwa ndoa, nao wakaliunganisha jina. Ndiyo maana waziri mkuu wa Uingereza siku Zanzibar na Kenya zilipopata uhuru, Desemba 1963, aliitwa Alec Douglas-Home. Bendera ya Waingereza ilishuka kwetu chini ya jina la kijiji hiki, na hakuna shule niliyosoma iliyonitajia.

Mjukuu wa Mfunga Paka, Earl wa sita, alimwoa Margaret Tudor, mjane wa mfalme wa Scotland na dada wa Henry VIII. Binti yao Margaret Douglas alimzaa Lord Darnley, na Darnley alimzaa James VI, aliyekalia kiti cha London mwaka 1603. Mfalme Charles wa leo anatoka humo humo, kwa yule mtoto wa mjane wa shemeji.

Mzee wangu hana haja na mfalme, hata picha yake kwenye gazeti huikunja. Nilipompangia uzao huu wote mezani kwa vidonge vyake vya asubuhi, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo ni mambo ya Wekundu. Sisi Weusi hatuhusiki. Nikamwambia hapo nakubaliana naye.