Plagini ipo, programu inaikana

Mwalimu wa kwaya alifika studio saa mbili asubuhi, nami nilikuwa sijalala vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kabla hata hajakaa: "Ogani imepatikana, kijana wangu?"

Ilikuwa imepatikana na haijapatikana.

Sauti zote nne za kwaya yake ya Igoma tulishazirekodi wiki iliyotangulia hapa Nyakato, Mwanza, kwenye chumba changu chenye magodoro mawili ukutani na pazia zito ambalo bado linapitisha kelele za wapiga debe. Ilibaki ogani tu. Kinanda changu kina sauti ya ogani, lakini inalia kama honi ya bodaboda, na Mwalimu alishaikataa waziwazi. Basi usiku ule nikanunua bando la usiku, nikapakua plagini ya ogani ya bure, yaani kiongezo kinachoipa programu ya kurekodia sauti mpya, nikaisakinisha. Mwisho ikaniambia imekamilika. Nikafungua REAPER, programu yangu ya kurekodia, nikaandika jina la plagini kwenye sehemu ya kutafutia: hakuna. Nikazima kompyuta, nikawasha: hakuna. Nikasakinisha upya: hakuna. Nilikanwa mara tatu kama Bwana kwa Petro, na majogoo ya jirani yakaanza kuwika kweli.

Saa nzima iliyofuata niliipoteza kwa kukisia. Plagini haisimami peke yake kama programu nyingine. Ni faili ambalo programu ya kurekodia inalitafuta kwenye folda fulani na kuliita. Mfumo wa VST, ambao plagini nyingi huutumia kuunganishwa na programu hizo, ulianzishwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996. Zile za VST2 kwenye Windows huishia na .dll, na kila mtengenezaji huzitupa anapotaka, ndiyo maana watu wengi hukwama hapo. VST3, iliyokuja mwaka 2008, ina nyumba yake inayojulikana: C:\Program Files\Common Files\VST3. Nikachungulia humo. Faili lipo, limetulia. Na ni la biti 64 kama REAPER yangu, kwa hiyo sikuwa na kesi ya kuchanganya 32 na 64.

Badala ya kutulia nifikiri, nikalinakili kwenye kila folda yenye neno VST, hadi ile ya Program Files yenye x86 mwishoni. Nakala nne, na hakuna hata moja iliyoonekana. Msifanye hivyo. Niliishia kutojua ni lipi faili la kweli.

Mwalimu akawa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga, hasemi kitu. Ukimya wa mwalimu wa kwaya ni mzito kuliko maneno. Nikampigia dogo mmoja anayetengeneza kompyuta karibu na Makoroboi.

"Kaka, hiyo plagini haikuja na programu yake ya kufunguka yenyewe? Angalia kwenye menyu ya Windows. Ifungue bila REAPER, uone itasema nini."

Sikuwa nimewazia hilo. Nikaitafuta, nikabofya. Kikatokea kidirisha kidogo kinasema VCRUNTIME140.dll haikupatikana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba plagini iliitwa, ikashindwa kuamka, na REAPER ikaendelea na safari bila kunisumbua kwa taarifa.

Faili hilo ni sehemu ya kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Visual C++ Redistributable, ambacho programu nyingi hukitegemea. Kompyuta yangu ni ya mtumba, Windows yake iliwekwa upya kabla sijainunua, na kifurushi hicho hakikuwemo. Dogo akanionya nisije nikatafuta lile faili moja la .dll kwenye tovuti za ajabuajabu, kwani humo unaweza kuokota virusi. Nichukue kifurushi kizima kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, cha x64, yaani cha biti 64. Hakikumaliza hata MB 30. Nikasakinisha, nikawasha kompyuta upya, nikafungua ogani peke yake. Ikalia. Mwalimu akaacha karanga.

Nikafungua REAPER kwa mbwembwe. Hakuna.

Nakiri nilitaka kulia. Dogo alikuwa bado yuko hewani, akacheka: "Imenuna hiyo REAPER. Iliikagua ikafeli, ikaandika kwenye daftari lake. Haitaiangalia tena mpaka ulifute." Na ndivyo ilivyo. Programu hizi hazikagui kila plagini upya kila zinapofunguka, maana mwenye plagini mia mbili angesubiri hadi chai ipoe. Zinatunza orodha, na iliyofeli inabaki imefeli hata kama ugonjwa wake umeshapona. Kwa REAPER orodha hiyo ni faili la reaper-vstplugins64.ini. Huna haja ya kuligusa kwa mkono: nenda Options, kisha Preferences, shuka hadi VST, ubofye kitufe cha "Re-scan", na uchague cha kufuta orodha ya zamani ("Clear cache"). Wanaotumia FL Studio, programu nyingine ya kurekodia, waende Options, kisha Manage plugins; kuna chaguo la kuzikagua upya zilizopata hitilafu.

Kwanza nikafuta zile nakala zangu za upuuzi, nikabakiza moja. Kisha nikabofya. Majina yakaanza kupita moja baada ya jingine, yakaganda kidogo kwenye ogani, moyo ukaganda nayo, halafu yakaendelea. Nikaandika jina kwenye sehemu ya kutafutia. Hilo hapo.

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Mwalimu akakung'uta maganda mapajani, akavuta kinanda, akakwepa ile noti ya fa inayokwama, akashika kodi ya kwanza, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya wimbo wao. Chumba kikajaa. Akaishikilia muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kisha akanigeukia.

"Inatetemeka mno. Ya kanisani kwetu haitetemeki hivi. Ipunguze."