Siku moja thieta: mimi na visigino vya watu

Saa 11:30 alfajiri. Natoka Mbagala kabla foleni haijakaza. Watu wakisikia ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, hudhani kazi ni kumpa daktari mkasi. Mkasi nampa, ndiyo, ila kinachoninyima usingizi ni vidonda vya kulalia, vile vinavyoanzia palepale kwenye kitanda cha upasuaji.

Saa 1:30 asubuhi. Natandika godoro la jeli kwa shuka moja tu, natoa kila kunjo. Ukilirundikia shuka tatu, godoro halina kazi tena.

Saa 2:15. Mama wa kwanza anafika na troli. Kavuka 70, mwembamba, ana kisukari, uvimbe uko kwenye utumbo mpana. Shikamoo, marahaba, kisha naikagua ngozi: kisogo, mabega, viwiko, juu ya makalio, visigino. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yake na yangu wekundu utautafuta mpaka uchoke, kwa hiyo natumia mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pagumu? Panabonyea kama embe lililoiva?

Kiunoni mkono unagusa shanga. Ananiangalia, anawatazama vijana wa kiume waliosimama mlangoni. Navuta pazia. Tunazifungua wawili, nazifunga kwenye leso nampelekea binti yake. Angezilalia saa nne nzima, kila punje ingeacha alama mgongoni.

Saa 3:00. Usingizi umemchukua. Mimi na wewe usiku tunajigeuza bila kujua, mwili ukiumia unasogea. Aliyepewa dawa hasogei, presha nayo inashuka, na mishipa midogo ya damu imebanwa kati ya mfupa na kitanda. Tunamnyanyua watu wanne. Kumburuta ni marufuku, maana ngozi hung'ang'ania shuka huku mfupa ukienda zake. Mto naulaza chini ya mashavu ya miguu, magoti yakunjike kidogo, visigino vielee hewani. Intani mmoja, daktari aliye mafunzoni, ananiletea glovu iliyojazwa maji aiweke chini ya kisigino. Mwanangu, hiyo inasukuma vilevile. Mpira wa mkojo unapita juu ya paja, sio chini yake. Ayodini inapopakwa naziba mbavuni kwa taulo, kisha nazitoa kabla hajafunikwa; ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Saa 5:20. Msaidizi wa daktari kachoka, kaegemea. "Dokta, kiwiko chako kiko juu ya mguu wa mama." Kanuna, lakini kakitoa. Mtu wa usingizi ananiruhusu, napenyeza mkono chini ya kitambaa, nakinyanyua kichwa na kukigeuza kidogo.

Saa 7:40 mchana. Kwisha. Juu ya makalio pana joto kidogo. Naandika kwenye faili, namwambia na sista wa wodi kwa mdomo: alazwe ubavu.

Zamani, hospitali nyingine, tulimpasua baba mmoja kwa muda wa saa sita. Siku ya tatu kisigino kikatoka lengelenge jeusi. Wakasemwa manesi wa wodi, nami nikanyamaza, wakati mguu ule niliupanga mimi. Jeraha la ndani huchelewa kujitokeza, siku mbili hata tatu, na likitokea aliye karibu ndiye anayebeba lawama. Tumbo lake lilipona mapema. Kisigino kilichukua miezi.

Saa 9:10 alasiri. Kabla ya daladala napanda wodini kumwona mzee tuliyempasua juzi. Nafunua blanketi.

"Sista, mimi nimepasuliwa tumbo, mbona unanishika miguu?" Mkewe anacheka.

Kisigino cha kulia kiko sawa. Cha kushoto pia. Ila mto wa miguuni keshauhamishia kichwani. Naulizia mwingine, hakuna. Nakunja blanketi mara nne, nalisukuma chini ya miguu, namwomba mkewe awe mlinzi.