Siku yangu moja kliniki, Leicester: "nusu ya ngapi?"

Saa kumi na moja alfajiri naamka, nje giza na baridi ya Februari, chai ya tangawizi kwanza ndo mengine yafuate. Mi ni nesi, mtoto wa Tanga, na kliniki yetu inahudumia wanawake ambao hawaumwi. Nikisema hivyo nyumbani watu wanashangaa, nesi wa wasioumwa? Ndiyo, hawaumwi, ila mama kaugua saratani ya matiti, mama mdogo kaugua, dada kaugua, mpaka mwenyewe anaogopa hata kuoga asije akagusa uvimbe.

Saa mbili na nusu niko mezani nachora ukoo wa mtu wa kwanza. Nani aliugua, akiwa na miaka mingapi, titi moja au yote mawili. Upande wa baba wengi wanausahau wakati nao unahesabika sawasawa. Naongeza hedhi ilianza lini, mtoto wa kwanza alimzaa akiwa na umri gani, uzito, halafu programu ya kompyuta inapiga hesabu ya uwezekano wako wa kuugua saratani ya matiti. Hapa Uingereza mwanamke 1 kati ya 7 hupata ugonjwa huu maishani. Tukiona yako ni 30 kati ya 100 au zaidi, wewe uko kwenye hatari kubwa na mwongozo wa huku tangu 2013 unasema tuzungumze na wewe kuhusu dawa ya kinga.

Saa tatu anaingia dada wa miaka 38, Mwingereza, mama yake alifariki na miaka 44. Hajakoma hedhi kwa hiyo dawa yake ni tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5. Kabla sijakaa vizuri ananambia nimesoma inapunguza hatari ya kuugua kwa nusu, nipe. Mi hilo neno nusu silipendi likija peke yake, nusu ya ngapi? Basi nachukua karatasi nachora wanawake 22. Wote 22 wakinywa miaka 5, tukiwafuata mpaka miaka 20, mmoja ndo ameepushwa na saratani. Wale 21 wengine wamekunywa na matokeo yao yangekuwa yaleyale, na hamna anayejua wewe ni yupi. Halafu namwambia na yale ambayo wengine huyapitia haraka haraka: joto la ghafla usiku, damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, saratani ya mji wa mimba kwa wachache hasa waliopita miaka 50, na kwamba mpaka leo tafiti hazijaonyesha wazi kuwa dawa hizi za kinga zinapunguza vifo, zinapunguza kuugua. Kanyamaza muda mrefu. Mwishoni anasema nataka mtoto mmoja zaidi. Ukiwa kwenye tamoksifeni hutakiwi kushika mimba kabisa, kwa hiyo akaamua azae kwanza, mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, ya kila mwaka aendelee nayo, kidonge tukizungumzie baadaye. Nikaandika kwenye faili: ameamua. Kusubiri nako ni uamuzi na mi nauheshimu.

Saa tano na nusu ndo mtu aliyenikaa moyoni. Mama wa Kihindi wa miaka 64, mji huu umejaa watu wao waliotoka Uganda, Kenya na kwetu Tanzania. Kaingia na mzee wake, kasoma jina langu kifuani, akauliza, "Mwanangu, watoka pwani?" Kumbe kaondoka Mombasa binti wa miaka 17 na Kiswahili chake bado kitamu kuliko changu! Mkalimani tuliyemwita tukamshukuru akaenda zake.

Dada yake alifariki, binti yake sasa hivi yuko kwenye matibabu. Yeye amekoma hedhi zamani, kwa hiyo tunaongelea anastrozoli, huku imepewa kibali rasmi cha kinga Novemba 2023. Hii hesabu yake ni wanawake 29 wanywe miaka 5 ili mmoja aepushwe ndani ya miaka 12. Haina ile shida ya mji wa mimba ila viungo vinaweza kuuma na mifupa inapungua nguvu, ndo maana tulimpima mifupa kwanza na majibu yake ni mazuri. Akauliza mwezi wa Ramadhani je? Ni mara moja kwa siku mama, ukipenda daku ukipenda baada ya futari. Mzee wake akaanza kumjibia, nikamwomba kwa heshima, baba, naomba nimsikie mama kwanza.

Ndo akasema la moyoni. Karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa saratani, wakwe wakija wakaiona watasema naye anaumwa, na wajukuu wa kike watachumbiwa na nani? Akanishika mkono, "Lau ningekuwa mamako, ungenambia nini?" Hili swali naulizwa kila wiki na kila mara linanichoma. Nikamwambia ningemuuliza mama yangu anaogopa nini zaidi, kuugua au kidonge. Akasema kuugua, kuugua mwanangu, nimemuosha dada yangu kwa mikono hii. Akaomba muda wa kuongea na binti yake, na akauliza kama anaweza kuvihamishia vidonge kwenye kopo jingine. Nikamwambia viache kwenye pakiti zake za kubonyeza, boksi ndo utupe na hiyo karatasi uifiche.

Mchana nimekula wali wa jana nimesimama.

Saa nane ni simu. Mmoja yuko mwezi wa nne wa tamoksifeni, analowa jasho usiku anataka kuacha. Namuuliza dawa nyingine anazotumia, kumbe amepewa paroksetini ya wasiwasi, nayo inazuia mwili kuibadilisha tamoksifeni iwe kitu kinachofanya kazi. Yaani anateseka na joto halafu kinga yenyewe imepungua! Nikamwambia hiyo paroksetini asiiache ghafla, nikampigia daktari wake hapohapo, wakapanga kumbadilishia taratibu. Ndo maana mi nauliza dawa zote mpaka za mitishamba.

Saa moja jioni niko kwenye basi, meseji ya mdogo wangu kutoka Tanga: dada nitumie hizo tamoksifeni, si unajua shangazi aliugua. Shangazi aliugua na miaka 74, peke yake kwenye ukoo mzima tunaoujua, na hiyo pekee haimfanyi mtu anywe dawa miaka 5. Nikampigia, nikamwambia titi likibadilika chochote asingoje hata wiki aende hospitali, maana kwetu wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, wamechelewa, na leo aanze na kalamu na daftari, akae na bibi amuulize kila mwanamke wa ukoo, wa kwa baba na wa kwa mama.

Saa tatu usiku ikaingia sauti ya dakika 9. Ni bibi mwenyewe, anataja majina mmoja mmoja.