Mama aliyefika saa nane: siku moja maishani mwangu nikijibu maoni ya watumiaji wasioona

Saa 12:20 asubuhi

Nimesimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, hedifoni moja sikioni, nasikiliza maoni yaliyoingia usiku. Leo ni kumi na moja, na tisa kati yake ni ya sauti. Zamani tulikuwa na fomu tu ndani ya programu, na kwa mwaka mzima tukadhani watumiaji wetu wasioona hawana la kusema. Mmoja wao alitupigia akaeleza kwamba kuandika sentensi tatu kwa kutafuta herufi moja moja juu ya kioo laini kunamchukua nusu saa. Tukafungua namba ya kupokea sauti, na wiki hiyo hiyo maneno yakaanza kumiminika.

Tunatengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Tuko watano katika chumba kimoja Sinza. Kazi yangu ni kuwajibu wasioona na wenye uoni hafifu, kisha kuhakikisha walichosema kinafika kwenye msimbo. Mimi naona. Mwenzangu anayejaribu kila toleo kabla halijatoka haoni tangu utotoni, na bila yeye ningekuwa nabahatisha.

Ujumbe wa saba ni wa mama mmoja wa Morogoro, mweka hazina wa kikoba chao. Sekunde kumi na nne tu: "Naomba mtoe ile kengele ya kukumbusha mkutano. Haina faida. Inapotosha watu." Anakata. Ninausikiliza mara tatu hadi Manzese. Hajagomba, lakini sauti yake ni ya mtu aliyeumia.

Saa 2:15 asubuhi

Sijibu pendekezo siku ninapolisikia kwa mara ya kwanza kabla sijamuuliza mwenyewe alikuwa anafanya nini lilipomjia. Watu wengi huja na dawa mkononi: ongezeni kitufe, toeni kengele, badilisheni rangi. Ugonjwa hawautaji, kwa sababu wao wanaujua tayari, ndio walio nao. Nikiandika tu "asante, tutalifanyia kazi", nimemfukuza kwa adabu.

Mama wa Morogoro yuko sokoni asubuhi, kwa hiyo naanza na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyetuomba tuweke sauti yetu wenyewe ndani ya programu, "sauti nzuri ya Kiswahili, isome kila kitu". Namuuliza, mwalimu, simu yako inazungumza lugha gani? Kiingereza, anasema, aliinunua ikiwa hivyo. Namwomba aisogeze karibu na ile ya kupigia, anisomeshee ukurasa wa mwanzo. Ninasikia TalkBack, kisomaji cha skrini cha simu za Android, ikitamka "Marejesho" kwa ulimi wa Kiingereza, neno limevunjika katikati, na "hisa" imekuwa kitu kingine kabisa. Miezi mitano mtu huyu amekuwa akisoma fedha zake kwa kukisia.

Hapo jibu la pendekezo lake ni hapana, na ninamweleza kwa nini. Asiyeona anakuja kwetu akiwa tayari na sauti yake na mwendo wake. Mwenzangu hapa anatumia kompyuta yenye NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Ndani yake kuna sauti ya eSpeak NG, yenye Kiswahili pia. Mimi naisikia kama bati linalokwaruzwa. Yeye anaipenda kuliko zile laini zinazofanana na binadamu, kwa kuwa ukiiharakisha sana konsonanti hazigandamani. Tukiweka sauti yetu juu ya yake, zitasemeshana pamoja na hatasikia hata moja.

Kosa letu ni kwamba maandishi yetu ya Kiswahili hayakuwa na alama ya kuiambia simu kwamba hiki ni Kiswahili, ikaendelea kuyasoma kwa sauti iliyoikuta. Hilo naliandika kwenye orodha ya kazi za leo. Kwa upande wake, ninamwongoza hatua kwa hatua kupakua sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya simu. Dakika ishirini na mbili. Inaposema "Marejesho" sawasawa, anakaa kimya kidogo, halafu ananiomba nisikate, kwanza asome salio lake.

Saa 4:00 asubuhi

Mapendekezo mawili ya haraka. Kijana wa Mbeya anasema programu inajifunga akiwa bado anahesabu noti. Tumeweka dakika moja, kwa usalama wa fedha, na kwa anayeona dakika moja ni nyingi. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na wenye ulemavu, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka mtu aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kuongeza kwa kitendo kimoja chepesi, na aweze kuongeza angalau mara kumi. Sisi hatukuwa tumeonya hata mara moja. Hili halina mjadala, naliingiza kazini.

La pili ni la dada aliyehesabu: ili kufika kwa mwanachama wa mwisho anatelezesha kidole mara 120. Wanachama wao ni 30, na sisi tumeifanya kila safu iwe na vituo vinne: jina, hisa, deni, tarehe. Tukiviunganisha viwe kituo kimoja kinachosomwa kwa pumzi moja, zinabaki 30. Mtu mzima ameketi akahesabu vidole 120 ili sisi tuelewe. Nimemtumia sauti ya kumshukuru, ndefu kuliko ilivyohitajika.

Saa 5:30 asubuhi

Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni nyinyi wa kikoba?"

Namwambia ndiyo, nimesikia ujumbe wake, ila kabla ya kutoa kengele ningependa kujua imempotosha vipi. Anasita. Kisha anaanza, na nyuma yake nasikia mtu akiuliza bei ya nyanya.

Kikoba chao hukutana Jumamosi saa kumi jioni. Wiki iliyopita kulikuwa na harusi ya mtoto wa mwenyekiti, mkutano ukasogezwa. Ijumaa kengele ikalia, TalkBack ikamsomea: mkutano kesho, nane. Akaona sawa, saa nane mchana, watu wawahi harusini. Alifunga meza yake mapema, akashika fimbo yake nyeupe, akafika saa nane kasorobo. Alikuta kiwanja kitupu na majirani wanaanua viti.

Mkutano ulikuwa saa mbili asubuhi. Programu iliandika 8:00.

Kikoba chao bado kinatumia sanduku la kufuli tatu, na ufunguo mmoja anakaa nao yeye. Bila yeye sanduku halikufunguka, mikopo haikutoka, na watu waliokuwa na ada za shule za kulipa walirudi mikono mitupu. Wakamtoza faini ya kuchelewa na faini ya kukwamisha kikao. "Lakini faini si neno," anasema. "Kuna aliyesema, ndiyo matatizo ya kumpa hazina mtu asiyeona."

Sikuwa na la kusema kwa muda. Nikamwambia, mama, kosa ni letu, nipe hadi jioni.

Saa 6:10 mchana

Tunaifungua ile kengele kwenye simu ya majaribio. Kwa macho imekamilika: 8:00, na pembeni yake kipicha cha jua linalochomoza. Anayeona anatazama jua, anatoa sita kichwani kama alivyozoea tangu utoto, anapata saa mbili. Anafanya hivyo bila hata kujua anafanya. Mwenzangu anazima mwanga wa skrini, anagusa, na sote tunasikia: "nane kamili." Kile kipicha hakikupewa jina. Kisomaji cha skrini kimelipita jua kama halipo.

Aliyekichora kipicha kile ni mimi. Nakumbuka nilivyofurahia kuondoa AM na PM, nikiona nimeifanya programu iwe ya Kiswahili zaidi.

Wazo la kwanza ni rahisi: lipe jua jina, "asubuhi", tumalize. Mwenzangu anakataa. Itasomwa "nane kamili, asubuhi", na hakuna saa nane ya asubuhi katika Kiswahili, utakuwa umempa mtu kitendawili. Wazo la pili: acha 8:00 kwenye kioo, sauti iseme "saa mbili kamili asubuhi". Hili nalo anakataa, na hapa ndipo nilipojifunza jambo. Wapo wenye uoni hafifu wanaotazama na kusikiliza kwa pamoja. Jicho likisema nane na sikio likisema mbili, wataamini lipi? Kwa hiyo kioo na sauti lazima viseme kitu kimoja: saa 2:00 asubuhi. Ni mtindo wetu sote, hata wanaoona hawatahitaji tena kutoa sita.

Saa 8:00 mchana

Chakula kimeliwa mezani, wali maharage, kwa sababu ubishi haukutoa nafasi ya kutoka. Kuhesabu saa ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Majina ya vipindi ndiyo yaliyotukalisha. Saa kumi na moja ni alfajiri, hakuna anayebisha. Saa kumi na mbili je? Wawili wanasema alfajiri, watatu asubuhi. Na saa moja, jua likishazama? Wa Dodoma anasema jioni, wa Tanga anasema usiku.

Kisha wa Tanga anauliza kuhusu mwisho wa kulipa hisa, tulioandika "Ijumaa 00:00". Tunaugeuza: Ijumaa saa sita usiku. Anatikisa kichwa. Kwao pwani, ukimwambia bibi yake "usiku wa Ijumaa" anaelewa usiku wa Alhamisi, kwa sababu siku huanza jua linapozama. Mtu mwingine akisikia maneno hayo hayo atasubiri Ijumaa yenyewe ifike usiku. Tofauti ni siku nzima, na mwisho wake ni faini. Tumekubaliana kuandika "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa, saa 6:00". Ni ndefu kwenye kioo kidogo. Tumepunguza nembo yetu ili itoshe.

Robo na kasorobo tumeziacha kwa watumiaji wenyewe. Nimewatumia kumi sauti mbili za mfano niwasikie wangependa ipi, na hadi saa tisa, saba kati yao wamejibu "kasorobo". Mmoja ameongeza kwamba dakika arobaini na tano ni za mpira.

Saa 10:40 jioni

Toleo la majaribio liko tayari. Mwenzangu analipitia kwa kidole, kengele moja baada ya nyingine, saa zote 24, mwendo wake wa kawaida ambao mimi nasikia mchakacho tu. Anasimama mara moja: saa saba usiku imesoma "saa saba mchana". Tunarekebisha. Anaanza tena kutoka mwanzo, zote 24. Kisha anapita kila kipicha kwenye programu nzima kutafuta vingine visivyo na jina. Anapata sita. Kimojawapo ni penseli ya kurekebisha deni.

Saa 12:30 jioni

Nampigia mama, nimemtumia toleo jipya. Namsikia akigusa, na kwa mbali TalkBack: "Mkutano, Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi." Anairudia. Anairudia tena.

"Sasa hii iacheni," anasema.

Namuuliza kuhusu faini. Anasema ameshalipa, hataki kurudishiwa na sisi, ila angependa mwenyekiti ajue. Namwambia nitaandika barua leo leo, isomwe kikaoni mbele ya wote: kwamba programu ilimsomea saa isiyo sahihi, na mtu yeyote anayesikiliza angefika saa ile ile aliyofika yeye.

Saa 2:50 usiku

Niko nyumbani. Barua ni ya nusu ukurasa. Tabia ya ofisi ni kupiga chapa, kuweka sahihi na muhuri, kupiga picha na kutuma. Nimeacha. Picha ya barua kwa mama ni ukurasa mtupu, angelazimika kumwomba mtu amsomee barua inayomhusu yeye. Nimeituma kwake kwanza kama maandishi. Ya muhuri itakwenda kwa mwenyekiti akiridhika.

Dakika tisa baadaye sauti yake inaingia. "Nimeisoma mwenyewe. Ni nzuri. Ila ile samahani yenu umeiweka mwisho, wale watu hawasikilizi hadi mwisho. Iweke juu."

Nimeipandisha mstari wa kwanza, nikamrudishia aisome tena.