Usinunue namba ya kwenye boksi

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa hela ya korosho, na kilichoniponza ni boksi, limeandikwa 675x, yaani inakuza mara 675, kwa maandishi makubwa na pembeni kuna picha ya Zohali inang'aa rangi zote. Nikasema hii ndo yenyewe. Imefika Mtwara na basi kutoka Dar, usiku huohuo nikaitoa uani nikailenga Mshtarii, naona kitu kama koroboi kwenye moshi, kinatetemeka, ukigusa bomba tu kimepotea. Wiki nzima hivyo, mpaka nikaanza kuhisi macho yangu ndo yana shida.

Jamani macho hayakuwa na shida. Kinachoonyesha sayari ni upana wa lenzi au kioo kinachokusanya mwanga, na hesabu yake nyepesi, chukua upana kwa milimita zidisha mara mbili, hapo ndo mwisho wa kukuza. Yangu ilikuwa na milimita 60 kwa hiyo 120 ilikuwa inatosha kabisa, hiyo 675 unakuza ukungu tu. Na Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610 aliona miezi minne inayoizunguka Mshtarii kwa kukuza mara 20 hivi! Ishirini!

Kwa hiyo ukiniuliza leo uanzie wapi nakwambia milimita 130 ya kioo, ile fupi ya kukaa mezani yenye kitako cha mbao kinachozunguka. Umbali kutoka kioo mpaka mwanga unapokutana ni milimita 650, ukiweka lenzi ya kuchungulia ya milimita 10 unagawa tu, unapata kukuza mara 65, na kwa 65 pete za Zohali unaziona zimejitenga na sayari yenyewe. Hela ikibana basi milimita 70 ya lenzi yenye stendi ngumu, ila stendi iwe ngumu kweli, ikiyumba hata lenzi nzuri haikusaidii.

Kuna stendi moja naomba muiogope, ile yenye uzito wa chuma wa kusawazisha pembeni. Ile inatakiwa ielekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, na sisi huku tupo nyuzi 10 kusini ya Ikweta, ile nyota ya kaskazini wanayoitegemea wenzetu wa Ulaya hatuioni kabisa na ncha ya kusini ipo chini karibu na upeo, stendi nyingi hata hazishuki kiasi hicho. Halafu huku sayari zinapita karibu na utosi, ukiwa na bomba refu kwenye miguu mitatu linagonga mguu kabla hujafika juu.

Halafu chumvi. Ukikaa Mikindani au Shangani hapa Mtwara upepo wa bahari unakula vioo, mi naifunika kila nikimaliza na kwenye boksi naweka vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, vinavuta unyevu. Usifute kioo kwa kanga, utakikwaruza. Na usilenge juu ya bati, lile linatoa joto la mchana na sayari inachemka kama maji sufuriani. JUA USILICHUNGULIE KABISA, na kile kichujio cheusi cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jichoni kitupe, kinaweza kupasuka na jicho likaondoka.

Mwaka 2025 pete za Zohali zilikuwa zimetulalia ubavu, nyembamba kama uzi, na baada ya hapo zinazidi kufunguka miaka hii, kwa hiyo ni muda mzuri wa kuanza.

Juzi nimempandisha mpwa wangu kwenye stuli, ana miaka tisa. Akachungulia, kimya, akatoa jicho akaangalia juu, akarudi. "Mjomba, umebandika picha humu?" Nikamwambia angalia tena. Baada ya kama dakika mbili, "mjomba mbona inakimbia?" Nikamwambia haikimbii hiyo, ni dunia inazunguka, sisi ndo tunaondoka. Akaishika stuli kwa mikono miwili.