Ile njano aliyokuwa anaiona Baba

Juzi mwanangu kashika rimoti, kabonyeza anachojua mwenyewe, TV ikaingia kwenye ile modi ya dukani ya rangi kali. "Mama, mbona nyasi zinawaka?" Nikamnyang'anya nirudishe, nilipofika kwenye kontrasti mkono ukagoma. Nikamkumbuka Baba.

Ilikuwa Juni 2019, nyumbani Chumbageni, Tanga. Taifa Stars wamefuzu AFCON, mara ya kwanza tangu 1980, na ile ya 1980 kule Nigeria Baba aliisikiliza redioni, kwahiyo hii ya Misri alisema lazima aione kwa macho yake. Tukamchangia flati skrini ya inchi 32, king'amuzi tukakiunganisha kwa waya wa HDMI badala ya zile waya tatu za rangi rangi, picha safi mpaka jasho la mchezaji unaliona. Baba kaitazama weee, halafu akasema, "Mwanangu, hapa mmepigwa. Ina njano hii."

Basi ndo ikawa kazi yangu. Akisema njano, mie naingia kwenye menyu napeleka rangi upande wa baridi, ule wa bluu, mpaka sisi wengine tunaona nyuso za watu zina majivu. Akisema kuna ukungu napandisha kontrasti, ikafika 100. Akisema mpira hauonekani vizuri naongeza shapunesi, ule ukali wa picha, kila mchezaji anatokea na mstari mweupe umemzunguka mwili mzima. Siku tuliyocheza na Kenya, tarehe 27, Samatta alipofunga la pili nyumba nzima tuliruka, Baba naye akaruka, ila nilimuona kachelewa kidogo, alikuwa anatusubiri sisi. Nililiona lile na nikanyamaza. Tukafungwa 3-2, kila mtu akaenda kulala.

Kumpeleka kupima ilichukua miezi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akatueleza lenzi ya jicho ikizeeka inaingia ukungu na inageuka njano, ndo maana kila kitu anakiona hivyo. Wakaanza na la kulia, wakamuwekea lenzi ya bandia.

Siku aliyotolewa bandeji kakaa kwenye kiti chake jioni, nikawasha TV kwa ajili ya taarifa ya habari. Akarudi nyuma kama mtu aliyemulikwa tochi. "Nani kaichezea hii?" Halafu akatulia. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama kwa la kushoto. Akahamisha kiganja. Akarudia tena, taratibu, hajali anayesoma habari anasema nini, anaangalia shati lake tu. "Huku njano," anasema, anahamisha, "huku jeupe mpaka bluu." Kisha akamgeukia Mama, akamfanyia vilevile, ziba huku ziba kule. "Kumbe kanga yako hii zambarau? Mimi nilijua kahawia." Mama hakujibu, alijifuta uso na pindo la hiyohiyo kanga.

Nikashika rimoti nikaanza kushusha kimoja kimoja, Baba ananielekeza, "shusha, shusha tena, hapohapo," na kila namba niliyoishusha nilikumbuka siku niliyoipandisha. Miezi yote ile mzee wangu ananiambia haoni, mimi natibu TV. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Labda niliogopa atakachosema daktari, labda tu rimoti ilikuwa karibu kuliko hospitali.

Tulipomaliza akaniuliza, "Ule mpira wetu na Kenya, hawaurudii?"

Nikautafuta kwenye simu, nikapata magoli tu. Akaisogeza simu karibu na uso, jicho la kushoto kalifumba, akaliangalia lile la Samatta mara tatu.