Nilivyopasuliwa kwa damu yangu mwenyewe

Damu yangu ni O hasi. Mtu wa O hasi hupokea O hasi tu, na hapa Nairobi kuipata ni kazi. Nami nilitakiwa kutolewa fibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, upasuaji unaoweza kumwaga damu nyingi. Kaka zangu wawili walitoka Umoja kuja kupimwa. Wote O chanya.

Ndipo daktari wa usingizi akashauri tutumie damu yangu mwenyewe. Kabla ya kisu angenitoa mifuko miwili ya mililita 450, kisha anijaze maji ya dripu, na baadaye anirudishie damu hiyo. Nilikataa. "Daktari, damu ikitiwa maji, oksijeni itabebwa na nini?"

Akaniuliza, "Mama, uji mzito na uji mwepesi, upi unamiminika upesi?"

Hakunificha kwamba mzigo hupungua: kila gramu ya himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, hubeba kama mililita 1.34 za oksijeni, basi ikipungua gramu, oksijeni nayo hupungua. Lakini damu nyepesi hupita kwenye mishipa kwa urahisi, na moyo husukuma nyingi zaidi kila dakika. Tena mwili uliotulia hutumia kama robo tu ya oksijeni inayoletwa; nyingine hurudi ilikotoka. Na damu itakayomwagika itakuwa ile nyepesi, yenye chembe nyekundu chache. Asiye na akiba ni moyo wenyewe, kwa sababu misuli yake huchukua sehemu kubwa ya oksijeni inayoifikia hata ukiwa umelala. Kwa hiyo moyo wangu ulipimwa kwanza, na hapo ndipo nilipomwamini.

Kazi ngumu ilikuwa yangu. Himoglobini ilikuwa gramu 9.1 kwa desilita ya damu, akasema hagusi mtu hivyo. Miezi mitatu nilimeza vidonge vya madini ya chuma kwa maji ya machungwa, na chai nikaisogeza mbali na dawa, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Chai ya saa nne kuikosa, jamani, si mchezo! Nikafika 13.2.

Siku yenyewe, baada ya kutolewa ile mifuko, nilishuka hadi 10.6. Hayo niliambiwa baadaye.

Nilipozinduka nilikuta mfuko umening'inia, una jina langu kwa kalamu nyeusi na namba 1. Muuguzi alinieleza kwamba ule wa pili, uliochukuliwa damu ikiwa tayari imeanza kuchanganyika na maji, ulirudishwa mwanzo. Huu wa kwanza, wenye damu nzito kuliko yote, waliuweka wa mwisho.